Amiga 500 ya Jinja: pesa iende kwenye kidhibiti, si kwenye diski

Swali limetoka Jinja. Msomaji ana Amiga 500 inayowaka vizuri, yenye memori ya megabaiti 1: nusu iko kwenye bodi yenyewe, nusu nyingine kwenye kadi iliyochomekwa tumboni. Amechoka kubadilisha disketi. Shemeji yake anayeishi Leicester amempatia wauzaji wawili. Mmoja ana A590, kile kisanduku cha Commodore chenye diski ya megabaiti 20, anataka pauni 90. Wa pili ana GVP HD8+ yenye diski ya Quantum ya megabaiti 52, anataka pauni 150. Shemeji anakuja Desemba, na bajeti yote ni shilingi laki tano. "Fundi," anauliza, "nichukue ipi, na diski ikifa nitapata wapi nyingine hapa Uganda?"

Ndugu yangu, kwa bei hizo usichukue hata moja. Pauni 90 peke yake imeshakula laki nne na kitu, na bado hujapata mahali pa kuaminika pa kuweka faili zako, maana hiyo diski ya megabaiti 20 mimi siihesabu kabisa. A590 na GVP ni vifaa vizuri, na nitakueleza ni wakati gani ningekuambia uvinunue. Ila umeuliza swali la diski, na diski ndiyo sehemu rahisi kuliko zote: siku hizi ni memori kadi ya kamera. Kinachoumiza kichwa na mfuko ni kidhibiti, yaani saketi inayounganisha diski na mashine. Hicho ndicho kinachoamua kama mashine itaanza yenyewe bila disketi, na kama utabaki na memori ya kufanyia jambo lolote la maana baada ya hapo.

Amiga 500 ilipotoka mwaka 1987 haikuwekewa nafasi ya diski ngumu. Ndugu zake wa mwaka 1992, Amiga 600 na Amiga 1200, walizaliwa na IDE, njia ya kuunganisha diski, ndani. Wenye hizo huchomeka adapta na kadi, wakamaliza. Wewe una milango miwili tu. Wa kwanza ni ile plagi ya pini 86 iliyofichwa nyuma ya kifuniko upande wa kushoto, ambako A590 na GVP hukaa. Wa pili ni soketi ya prosesa yenyewe, ile 68000 ndefu yenye miguu 64: unaing'oa, unapachika bodi ndogo mahali pake, kisha prosesa unairudisha juu ya bodi hiyo. Mafundi wa zamani waliuogopa mlango huu wa pili. Leo ndio wenye bei nafuu.

Tuanze na A590, kwa sababu ndiyo itakayokushawishi kwa bei. Diski yake ya asili ni ya aina ya XT, si IDE. Plagi yake ya pini 40 inafanana kabisa na ya IDE, na hapo ndipo watu hunaswa: wanakuta diski ya IDE kwa wauza kompyuta za mtumba, wanaichomeka, na haitambuliki. Haitatambulika kamwe, maana lugha ni tofauti. Ikifa ile ya XT, na ina zaidi ya miaka 30, usizunguke Kampala nzima kutafuta mwenzake. Jambo zuri ni kwamba bodi hiyo hiyo ya A590 ina SCSI pia, njia nyingine ya kuunganisha diski, yenye plagi ya pini 50 ndani na nyingine nyuma ya kisanduku, na ina soketi za chipu za memori hadi megabaiti 2. Kwa hiyo ukimwona mtu anauza A590 "mbovu, diski imekufa" kwa bei ya kutupa, hiyo ndiyo ya kununua. Hakikisha tu kwamba chaja yake ipo, na kwamba soketi za memori zimejaa. A590 yenye soketi tupu ni nusu ya chombo.

GVP ni bora zaidi. Ni SCSI moja kwa moja, inapokea memori hadi megabaiti 8 kwa zile SIMM za pini 30 zilizokuwa kwenye kompyuta za 386, na ina swichi ya kuizima pale mchezo wa zamani unapogoma kuanza ukikuta kuna diski. Walifikia hata kuiwekea nafasi ya kadi ya 286 ili Amiga iendeshe programu za DOS, jambo ambalo sijui nani alilihitaji, lakini enzi zile kila mtu alitaka kuigiza PC. Tatizo la GVP ya shemeji yako ni hiyo Quantum. Ndani ya diski nyingi za ProDrive za miaka hiyo kuna vipande vya mpira vya kuzuia mkono wa kusomea. Mpira ule huoza ukawa kama gundi, mkono ukanata, na diski ikazunguka bila kusoma kitu. Muuzaji anaweza kuiwasha mbele ya shemeji yako ikafanya kazi, ikafika Jinja imenata, na hapo hakuna aliyekudanganya.

Ukiishia na kidhibiti cha SCSI kwa njia yoyote, usitafute diski ya SCSI. Tafuta BlueSCSI au ZuluSCSI. Ni bodi ndogo zinazojifanya diski za SCSI huku faili zako zikikaa kwenye kadi ya SD ya kawaida, ile inayouzwa kila duka la simu. Diski nzima inakuwa faili moja juu ya kadi. Kwenye BlueSCSI, kwa mfano, jina HD10_512.hda lina maana ya diski yenye namba 1, na vipande vya baiti 512. Unaweza kuinakili faili hiyo kwenye laptop ukawa na akiba kamili ya mashine yako. Kumbuka tu sheria ya SCSI: kidhibiti huchukua namba 7, diski zinagawana 0 hadi 6, na kila mwisho wa kebo lazima ufungwe kwa terminata. Diski inayoonekana leo na kupotea kesho mara nyingi inaugua terminata.

Sasa, kabla shemeji hajatoa hata senti, nenda kwenye mashine yako. Fungua CLI, lile dirisha la kuandikia amri, andika Version, bonyeza Return. Unatafuta toleo la Kickstart, programu ya kuanzishia iliyo kwenye chipu ya ROM ndani ya mashine. Ukiona Kickstart 33.180, hiyo ni 1.2, na haiwezi kuanza kutoka diski ngumu bila msaada wa disketi, uwe na A590, GVP au kitu kingine. Ukiona 34.5, hiyo ni 1.3, na inaweza, mradi kidhibiti kina ROM yake. Ukiona 37.175 una 2.04, na una bahati. Wauzaji hawaulizi habari hii na wanunuzi hawaitaji, na ndiyo inayoamua nusu ya mambo.

Inaamua kwa sababu bodi nyingi za bei nafuu zinazokaa kwenye soketi ya prosesa zinaigiza IDE ya Amiga 600. Zenyewe hazina ROM. Zinategemea Kickstart ijue IDE. Hiyo 1.3 haijui. Hata 2.04 haijui. Inayojua ni 2.05 kuanzia toleo la 37.300, na 3.1: ile chipu ya 40.63 ilitengenezwa moja kwa ajili ya 500, 600 na 2000, hivyo dereva wa IDE, programu ya kuongoza diski, umo ndani hata ukiipachika kwenye 500. Bodi nyingine zina ROM yake na zinafanya kazi na 1.3 bila shida. Shemeji amuulize muuzaji swali hili moja kwa maneno haya haya: inaanza na Kickstart 1.3, au inadai 3.1? Asiyeweza kujibu, apite.

Chaguo langu kwako ni hili: bodi ya soketi ya prosesa yenye IDE na memori ya ziada kwa pamoja, isiyo na prosesa mpya, na chipu ya Kickstart 3.1. Kuna bodi nzuri zaidi, kama ACA500plus inayochomekwa ubavuni ikiwa na nafasi mbili za kadi za CF (CompactFlash) na prosesa ya kasi, lakini kwa laki tano hatufiki huko, na mtu aliyezoea disketi hatahisi upungufu.

Naisisitiza memori kwa sababu hapo ndipo wengi hujutia. Memori yako ya sasa, hata ile nusu iliyo tumboni, inagombea njia moja na chipu za picha na sauti. Zaidi ya hayo, megabaiti 1 inaisha haraka ukishawasha Workbench, mazingira ya kazi ya Amiga yenye madirisha, kutoka diski, kwa kuwa kila kigawanyo cha diski kinakula sehemu yake. WHDLoad, programu ya bure inayowezesha michezo ya disketi kukaa kwenye diski ngumu, inataka Kickstart 2.0 au zaidi, na kwa kazi ya kweli inataka memori nje ya ile megabaiti 1. Kidhibiti kisicho na memori kitakupa diski kubwa iliyojaa michezo isiyoanza. Ukilazimika kuchagua kati ya kadi ya gigabaiti 4 yenye memori ya ziada ya megabaiti 4 na kadi ya gigabaiti 32 bila memori, chagua ya kwanza bila kufikiri.

Kuhusu kadi yenyewe. CompactFlash ni IDE iliyokonda: adapta yake haina akili yoyote, ni nyaya tu za kupeleka pini hapa na pale, ndiyo maana kwa kawaida haifiki shilingi elfu 40. Angalia bodi yako inatoa pini 40 au 44, ununue adapta inayolingana. Ya pini 44 inabeba umeme wake ndani ya kebo. Ya pini 40 inahitaji waya wa pembeni. Kadi usiagize nje. Nenda kwa wapiga picha. Canon EOS 5D Mark II ilitumia CompactFlash, na mashine hizo zimepiga picha za kwanjula na harusi za Kampala kwa miaka mingi. Wenye nazo wengi wamehamia kamera mpya, na kadi za gigabaiti 4 au 8 hawana kazi nazo tena. Kadi iliyotumiwa na mtu wa kazi naiamini kuliko mpya ya dukani yenye jina kubwa na bei ndogo, maana kadi bandia zimejaa. Yoyote utakayopata, ipime kwanza kwenye laptop kwa H2testw, au f3write na f3read kama unatumia Linux. Kadi inayosema gigabaiti 16 huku ina 2 itaonekana nzima mpaka siku utakapovuka mpaka wake.

Gigabaiti 4 inatosha, tena ni salama zaidi. Dereva za zamani, zote mpaka 3.1, hazihesabu zaidi ya baiti bilioni 4.29, ukivuka hapo, zinarudi mwanzo wa diski na kuandika juu ya faili zako za mfumo. Kadi ya gigabaiti 4 ina baiti bilioni 4 hivi, inaingia ndani ya mpaka. AmigaOS 3.1.4 ya mwaka 2018 na 3.2 ya mwaka 2021 zimeondoa kikwazo hicho, lakini Amiga 500 nzima, na kila mchezo uliowahi kuupenda, haitajaza gigabaiti 4. Ukiwa na kadi kubwa, acha sehemu iliyobaki bila kuigawa.

Kuitayarisha, tumia laptop. Kwenye Windows tumia WinUAE, programu inayoigiza Amiga, iendeshe kama msimamizi. Kwenye Linux, FS-UAE. Chomeka kadi, na Windows itakuomba uifomati. Kataa, kila mara. Kadi iliyotoka kwenye kamera ina kigawanyo cha Windows, lazima kifutwe kwanza kwa diskpart na amri ya clean, na hapo soma namba ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa sababu amri hiyo haiulizi kama una uhakika. Ndani ya WinUAE fungua HDToolBox, programu ya Amiga ya kugawa diski, ukiwa umebadilisha SCSI_DEVICE_NAME kuwa uaehf.device. Tengeneza kigawanyo kidogo cha mfumo, megabaiti 200 zinatosha, na kingine kwa vilivyobaki.

Halafu usisahau MaxTransfer. Weka 0x1FE00 kwa kila kigawanyo. Namba hiyo haikuokotwa: ni baiti 130,560, yaani vipande 255 vya baiti 512, na kadi nyingi zikiombwa zaidi ya hapo kwa mkupuo mmoja zinachanganyikiwa. Dalili yake inatesa watu. Mashine inaanza vizuri, faili ndogo zinanakiliwa vizuri, lakini faili kubwa inatoka imeharibika katikati bila ujumbe wowote wa kosa. Mtu anabadilisha kadi, anabadilisha adapta, analaumu bodi, kumbe ni namba moja kwenye HDToolBox.

Kuna jambo ambalo wenzetu wa Uingereza hawaliandiki sana kwenye maelekezo yao, kwa kuwa umeme wao haukatiki kama wetu. FFS, mfumo wa faili wa kawaida wa Amiga, ukikatiwa umeme ukiwa unaandika, hufungua ukurasa wa matatizo. Ukiwasha tena, kigawanyo kinaanza kujikagua, na mpaka kimalize hakikubali kuandikwa. Kikishindwa, kinabaki hivyo hivyo. Kwa mtu wa Jinja, ingawa bwawa la Nalubaale liko hapo karibu yako, ningeweka PFS3 badala yake, ile inayoitwa pfs3aio, ya bure kwenye Aminet, hifadhi ya mtandaoni ya programu za Amiga. Yenyewe inaandika mabadiliko mahali papya kwanza, ndipo inahamisha alama, kwa hiyo umeme ukikatika katikati unarudi kwenye hali ya mwisho iliyokuwa sahihi. Unaisakinisha ndani ya HDToolBox wakati wa kugawa diski. Pamoja nayo, UPS ndogo yoyote ya kompyuta inaibeba Amiga kwa urahisi. Na jizoeze kusubiri taa ya diski izimike, kisha sekunde chache zaidi, kabla ya kuzima.

Chaja ya asili ya Amiga 500 inatoa zaidi ya ampea 4 kwenye volti 5, na bodi ndogo yenye CF haitaishtua, tofauti na diski inayozunguka. Ila chaja hiyo ina umri wa mashine. Fundi yeyote wa redio mwenye mita akupimie volti 5 mashine ikiwa imewashwa. Ikishuka chini ya 4.9, shughulikia chaja kwanza, kwa sababu mashine yenye njaa ya umeme hutoa makosa ya diski yanayofanana na kadi mbovu. Ukiwa umeifungua, tazama pia ile kadi ya tumboni. Nyingi zina betri ya saa iliyolehemewa, na betri hizo huvuja. Ing'oe hata kama haijavuja.

Kama katika haya yote unachotaka ni michezo tu, na Workbench hata huifungui, basi hesabu yako ni nyepesi zaidi: weka Gotek, kiendeshi kinachosoma flashi, mahali pa kiendeshi cha disketi, uipe programu ya FlashFloppy ya Keir Fraser, na ujaze flashi moja mafaili ya ADF, yaani nakala za disketi. Utabadilisha disketi kwa kubonyeza kitufe. Inagharimu sehemu ndogo tu ya laki tano na haigusi prosesa. Lakini ulisema unataka diski ngumu, kwa hiyo naamini kuna kazi unayotaka kuifanya.

Siku ya kupachika, soma kwanza namba ya rev (toleo la bodi) iliyochapishwa kwenye bodi kuu. Rev 5 na za kabla yake zinahitaji waya mmoja wa kurekebisha ili zipokee Kickstart ya 2.04 au 3.1, kwa kuwa chipu hizo ni za kilobaiti 512 na soketi ilipangwa kwa 256. Wauzaji wengi wa chipu wanauza na kipande cha kati kinachokuondolea kazi ya kulehemu. Prosesa ing'oe kidogo kidogo kutoka pande zote mbili, upande mmoja ukitangulia miguu inapinda. Hewa ya ziwani huchafua miguu hiyo, isafishe kwa spiriti ya isopropili. Angalia ule mkato mdogo wa mwisho wa chipu uko upande ule ule. Kinga ya bati ya ndani haitarudi, bodi mpya inaizuia. Iweke kando tu.

Kwa shemeji, mwambie hivi. Atafute bodi ya soketi yenye IDE na memori, aulize lile swali la Kickstart, anunue na chipu ya 3.1 kama inadaiwa, na avibebe kwenye mkoba wa mkononi ndani ya mfuko wa kuzuia umeme tuli. Kwa vifurushi vya posta kuna VAT ya asilimia 18 ya kufikiria, na siku za kusubiri. Na yule mwenye A590 asimkatae moja kwa moja. Amwambie atatoa pauni 50 kwa kidhibiti chenye memori na chaja, bila diski. Akikubali, chukua hiyo, ongeza BlueSCSI, na Kickstart yako, kama ni 1.3, ibaki ilipo. Dereva wa FFS utakaa kwenye diski yenyewe, HDToolBox ya A590 inajua kumweka hapo.